Mlolongo wa Chumvi

Nchi yenyewe sitaitaja. Aliyewahi kuishi huko ataitambua bila kuambiwa, na ambaye hajawahi nampa hongera. Wenyewe huiita Jamhuri ya Shwari, kwa sababu kifungu cha kwanza cha Katiba yao kinasema nchi ni shwari, na kifungu cha pili kinataja adhabu ya anayebisha.

Mwaka ninaousimulia, Jamhuri ilikumbwa na tatizo moja tu. Macho ya Mheshimiwa Nguzo yalikuwa mekundu.

Mheshimiwa Nguzo ndiye mkuu wa nchi. Ana jina alilopewa na wazazi wake, lakini lilipigwa marufuku baada ya kugundulika kwamba kuna muuza mkaa anayelitumia. Kila asubuhi huogelea katika bwawa la nyumbani kwake, juu ya kilima cha Kilele, na bwawa hilo lilikuwa likisafishwa kwa klorini, ule unga mweupe unaoua vijidudu vya maji. Klorini yenyewe haikuwa ya bwawa. Ilikuwa mapipa kumi na mawili yaliyoletwa kwa ajili ya tangi la Mabonde, mtaa ulio chini ya kilima ambako wanaishi watu wote wasio mawaziri. Siku moja bwawa likafanya ukijani mbele ya mgeni wa kitaifa. Saa ileile mapipa yakapandishwa kilimani, na watu wa Mabonde wakatangaziwa kwamba serikali inawaamini, wachemshe maji wenyewe.

Afisa wa bwawa aliuogopa ukijani kuliko alivyoogopa kaburi, kwa hiyo palipohitaji kopo moja la klorini yeye alimwaga saba. Macho ya Mheshimiwa yakawaka. Haikupita wiki baraza zima la mawaziri likaja kazini na macho mekundu. Wengi walitumia kitunguu. Waziri wa Ulinzi alitumia pilipili kichaa, akalazwa siku mbili, akatoka na nishani.

*

Nyamizi Kasele alikuwa fundi wa maabara katika Wizara ya Maji na Utulivu, na pengine ndiye mtu pekee wizarani aliyeajiriwa kwa sababu anaijua kazi. Kila Jumatatu alipima maji ya tangi la Mabonde na kuandika matokeo. Matokeo yalikwenda kwa waziri wake, Mheshimiwa Mashenene, aliyekuwa ameshayatangaza kuwa mazuri tangu Ijumaa.

Hayakuwa mazuri hata kidogo. Tangu mapipa yapande kilimani, Mabonde watu walikuwa wanaharisha na kutapika mpaka macho yanazama. Kipindupindu kilikuwa hakiruhusiwi nchini, kwa hiyo serikali iliuita ugonjwa huo msafisho wa mwili wa msimu. Aliyekufa hakuandikwa amekufa, maana hilo lingeharibu takwimu. Aliandikwa amehamishwa. Katika uchochoro aliokuwa akiishi Bi Kalunde, mama yake Nyamizi, walikuwa wamehamishwa watu tisa, na wanne kati yao hawajaanza shule.

Bi Kalunde mwenyewe alishaugua mara moja na kupona kwa shida. Alikuwa mwembamba, mbishi, na hataki kuhama. Nyamizi alimpelekea pakiti ndogo ya klorini ya maabara, akamfundisha kutia chembe kidogo kwenye mtungi na kusubiri nusu saa kabla ya kunywa. Hilo lilitosha mtungi mmoja. Kwa mtaa mzima yalihitajika yale mapipa, na Nyamizi hakuwa na wazo jingine kichwani, mchana kutwa, ila kuyashusha.

Ndipo mgeni wa kitaifa, yule yule wa ukijani, alipoandika barua. Alisema kwake yeye bwawa ni la chumvi, halichomi macho, na ngozi inakuwa laini kama ya mtoto mchanga. Mheshimiwa Nguzo aliisoma barua mara mbili, akauliza mbona yeye hana ngozi ya mtoto mchanga. Kufikia saa sita mchana ilikuwa imeundwa Tume ya Taifa ya Kuamua Chumvi au Klorini, wajumbe arobaini, mwenyekiti Mheshimiwa Mashenene.

*

Tume ilikaa siku kumi na moja. Siku mbili za kwanza zilikwenda kwa kukipigia makofi kiti cha Mheshimiwa Nguzo, ambacho kilikuwa kitupu. Siku ya tatu mjumbe mmoja, mwanasheria, alisema chumvi ni ya kizalendo kwa kuwa hata jasho la mkulima lina chumvi. Mwingine akajibu kwamba klorini ni nyeupe na weupe ni rangi ya bendera. Wakarushiana maneno, wakarushiana chupa za maji, na tangu hapo wajumbe wa chumvi wakawa hawasalimiani na wajumbe wa klorini, wala hawali meza moja.

Siku ya tano likaibuka la sanamu. Ukingoni mwa bwawa imesimama sanamu ya chuma ya Mheshimiwa Nguzo, akipunga mkono, na mtu mmoja akakumbuka kwamba chumvi hula chuma. Kuihamisha sanamu kulikuwa uhaini. Kulihamisha bwawa kulikadiriwa kuchukua miaka minane. Mwishowe iliamuliwa kwamba kanali mmoja wa jeshi ataipaka sanamu grisi kila asubuhi, kuanzia unyayo kwenda juu, na akifika kifuani apige saluti kwanza.

Siku ya saba wakamwita mtaalamu. Nyamizi aliingia na daftari lake chini ya kwapa, akasimama mbele ya wanaume arobaini wenye macho mekundu.

"Binti Kasele," alisema Mashenene, "jibu kwa kifupi. Chumvi au klorini?"

"Mheshimiwa, ni kitu kimoja."

Mashenene aliinamisha kichwa kana kwamba amedondokewa na mdudu. Nyamizi akaeleza taratibu, kama anavyomweleza mtu anayetaka kujua. Chumvi inatiwa bwawani kidogo, maji yanapita kwenye mashine, mashine inaipitishia chumvi umeme, na kinachotoka ni klorini ile ile ya kwenye pipa. Haichomi macho kwa sababu mashine inatoa kidogo kidogo, haimwagi makopo saba. Bwawa la chumvi ni bwawa la klorini linalojipikia lenyewe.

"Unataka kuniambia," alisema Mashenene, "kwamba Mheshimiwa Nguzo ameunda tume ya watu arobaini kuchagua kati ya kitu na hicho hicho?"

"Sijasema hivyo, Mheshimiwa. Nimesema namna mashine inavyofanya kazi."

"Hapa tumekuja kuchagua, mama. Hatukuja kuelewa."

Wajumbe wa pande zote mbili walipiga makofi, na hiyo ndiyo ilikuwa mara pekee waliyokubaliana. Nyamizi aliyafikiria mapipa. Ikichaguliwa klorini, yatabaki Kilele mpaka yaishe, na yakiisha yatapandishwa mengine. Ikichaguliwa chumvi, juu huku hayatakuwa na kazi. Alimeza hasira yake kavukavu.

"Basi ni chumvi," alisema. "Ni nafuu kwa macho. Na yale mapipa hayatahitajika tena huku."

"Kweli," alisema Mashenene akitabasamu. "Hayatahitajika."

Nyamizi aliondoka na lile tabasamu akidhani ni ahadi.

*

Hapa inabidi nieleze namna Shwari wanavyoamua mambo. Hawana karatasi za kura. Walizifuta zamani, wakisema karatasi hukunjwa, na kinachokunjwa kina jambo kinalolificha. Huko kila kitu huamuliwa kwa mlolongo. Wanaotaka hili wanasimama nyuma ya hili, wanaotaka lile nyuma ya lile, uwanjani, juani, na polisi wanapita wakiwarekebisha waliokosea. Jambo likishashindwa kwa mlolongo, haliishii kushindwa. Linakuwa adui wa taifa. Mwaka wa nyuma walishindanisha ngoma na tarumbeta kwa ajili ya gwaride. Tarumbeta ikaangukia pua, na mpiga tarumbeta wa mwisho nchini sasa hivi anashona magunia gerezani. Ndiyo maana nyuma ya kila mlolongo husimama lori lenye turubai, likingoja kujua ni upande gani utaondoka nalo.

Nyamizi aliyajua hayo yote. Nani asiyeyajua? Ila akili yake ilikuwa imeganda kwenye mapipa, na hakuunganisha.

Siku ya mlolongo mkuu, watu wa Mabonde walipelekwa uwanjani kuamulia bwawa ambalo hawajawahi kuliona. Upande wa kulia waliweka gunia la chumvi, kushoto pipa moja la klorini. Walioandaliwa na serikali kuichagua chumvi walijipanga kulia. Lakini watu wa kawaida walipoliona pipa walilitambua, maana ndilo lililokuwa likipita mtaani kwao zamani kwenda tangini, na wakadhani limerudishwa wagawiwe. Wakajipanga nyuma yake wenye vikombe, wenye madumu, akina mama wenye watoto waliolegea mgongoni. Bi Kalunde alikuwa wa saba, na mtungi wake mdogo kichwani.

Nyamizi alimwona kutoka jukwaani alikokuwa amekaa na Tume, na wakati huohuo akaliona lori likirudi nyuma polepole kuelekea mlolongo wa kushoto. Hapo ndipo alipounganisha. Alishuka jukwaani akikimbia, akamshika mama yake mkono.

"Mama, njoo huku kulia."

"Dawa yetu iko hapa, mwanangu. Huoni pipa?"

"Naliona. Njoo huku, nakuomba."

Bi Kalunde alibisha, akavutwa, akaja akinung'unika. Walipofika kulia filimbi ikalia. Watu wapatao arobaini waliokuwa wamebaki nyuma ya pipa walipandishwa lorini na vikombe vyao, na mmoja wao alikuwa bado anauliza dawa inagawiwa saa ngapi. Matokeo yakatangazwa: chumvi imeshinda kwa asilimia mia moja, kwa kuwa upande wa pili haukuwa na mtu.

*

Kesho yake klorini ikatangazwa kuwa adui wa taifa. Mapipa yote kumi na mawili yalishushwa Mabonde kweli, kama Nyamizi alivyotaka, yakazikwa katikati ya uwanja wa mpira, hadharani, bila heshima. Mashenene alisoma hotuba ya kuyalaani. Nyamizi alilazimishwa kutia sahihi kama shahidi wa kitaalamu kwamba yaliyozikwa ni yenyewe. Atakayekutwa na klorini, hata chembe, atafungwa miaka sita.

Mgambo waligawiwa vipimo wakague nyumba kwa nyumba. Kipimo ni kichupa kidogo na kidonge: unachota maji, unatia kidonge, maji yakigeuka pinki kuna klorini ndani. Vipimo vilitoka maabara ya Nyamizi, na Nyamizi mwenyewe alikuwa ameshapelekwa Kilele kusimamia ufungaji wa mashine ya chumvi. Umeme wa kuiendesha ulivutwa kutoka hospitali ya mkoa, ambayo ilielezwa kuwa imeshazoea giza.

Nyumbani kwa Bi Kalunde aliingia mgambo mmoja aitwaye Lugendo. Alichota maji ya mtungini, akatia kidonge, yakawa pinki. Alikuwa na huruma zake: alimwangalia yule bibi kizee na akaamua kutomkamata. Alimwaga maji mlangoni, akaupasua mtungi kwa kirungu, akamwambia mama anywe maji ya tangi kama mzalendo.

Bi Kalunde akanywa maji ya tangi. Hakuwa na mengine. Siku ya nne alihamishwa.

Nyamizi alipofika alikuta ameshazikwa na majirani, na mezani kuna cheti cha serikali: Kalunde binti Mayunga, amehamishwa, kituo kipya kitatajwa baadaye. Alikaa chini pale pale penye vigae vya mtungi. Hakulia wakati huo. Alichukia. Alimchukia Lugendo na kirungu chake, akamchukia Mashenene na tabasamu lake, akamchukia yule mwenye macho mekundu aliyetaka ngozi ya mtoto mchanga. Kisha akajichukia yeye, kwa sababu kinywa kilichosema chumvi kilikuwa chake. Majirani walimletea uji akakataa. Akaokota kigae kimoja, akakitia kwenye mkoba, akapanda tena Kilele kazini.

*

Bwawa la chumvi lilizinduliwa siku ya Jumamosi. Baraza la mawaziri lilikuja kamili, wote wakiwa na macho meupe kabisa kwa amri. Kanali alishamaliza kupaka grisi na sanamu ilikuwa inang'aa kama sufuria. Mheshimiwa Nguzo alitoka akiwa amevaa kaptura ya kuogelea iliyodariziwa nembo ya taifa upande wa nyuma, ili anapokaa, nchi nayo ikae.

Itifaki ya Shwari inasema mkuu wa nchi haingii kwenye maji yoyote kabla mtaalamu hajayapima mbele yake. Kwa kawaida mtaalamu alikuwa akipima joto tu na kusema ni zuri. Safari hii Nyamizi alichota maji ya bwawa kwenye kichupa, akakiinua juu kila mtu akakiona.

"Mheshimiwa Nguzo," alisema, "hiki ni kipimo cha mgambo. Ndicho kinachozunguka nyumba za watu Mabonde kumtafuta adui wa taifa."

Akadondosha kidonge, akakitikisa. Maji yakawa pinki, pinki ya kupendeza, kama juisi ya sherehe za watoto.

Kila waziri aliyekuwepo alikuwa ameshawahi kumfunga mtu kwa rangi hiyo. Waziri wa Ulinzi alirudi nyuma hatua moja, akaikanyaga grisi ya sanamu, akajishikilia kwenye mkono unaopunga. Mheshimiwa Nguzo alikitazama kichupa, akalitazama bwawa lake, halafu akamgeukia Mashenene kwa jicho la mtu anayesubiri kuambiwa ameona nini.

"Naomba Mheshimiwa Waziri aseme rangi," alisema Nyamizi. "Niandike."

Mashenene alilowa jasho shingoni. Akisema pinki, amemtia Mheshimiwa Nguzo hatiani kwa miaka sita, yeye na bwawa lake. Akachagua.

"Nyeupe."

"Nyeupe," alisema Mwanasheria Mkuu haraka.

"Nyeupe sana," alisema Waziri wa Ulinzi. "Sijawahi kuona nyeupe kama hiyo."

Ilizunguka baraza zima, nyeupe, nyeupe, mpaka ikamfikia Mheshimiwa Nguzo mwenyewe. Alisema nyeupe, akajitupa majini, na bendi ikapiga kwa ngoma tupu. Alipoibuka alitangaza kwamba macho hayachomi.

Nyamizi hakukamatwa. Angekamatwa kwa kosa gani, la kupima maji yakawa meupe? Alimpelekea Mashenene fomu ya matokeo na kalamu. Palipoandikwa rangi alikuwa ameacha wazi, akamwomba waziri ajaze kwa mkono wake, na chini yake muhuri wa wizara. Waziri alijaza. Alikuwa tayari kutia sahihi chochote alimradi yule mwanamke na kichupa chake waondoke pale.

Jumapili redio ya taifa ikasoma amri mpya: rangi inayotokea kwenye kipimo cha maji, popote nchini, ni nyeupe, na atakayeiita jina jingine atafungwa miaka sita.

*

Jumatatu, siku yake ya kupima Mabonde, Nyamizi aliteremka na jembe. Alikwenda moja kwa moja katikati ya uwanja wa mpira, mahali alipotia sahihi, akaanza kuchimba. Watu walimtazama kwa mbali. Baadaye akaja mama mmoja aliyehamishiwa watoto wawili, akaanza kuchimba naye bila kuuliza. Kufikia saa nne walikuwa umati. Mapipa tisa yalitoka mazima, matatu yalikuwa yameingia maji. Nyamizi alipima unga kwa uangalifu, kopo baada ya kopo, akautia tangini, akawaambia watu wangoje.

Mgambo walifika wakati bomba linafunguliwa. Aliyetangulia alikuwa Lugendo, kirungu mkononi. Alitaka kujua nani ametoa ruhusa. Nyamizi alikinga maji ya bomba kwenye kichupa, akatia kidonge, akamnyooshea yeye na wenzake wakione.

Ilikuwa pinki kuliko hata ya bwawani. Akamfungulia fomu ya Mashenene, yenye muhuri, akaishika kando ya kichupa.

"Soma," alisema. "Halafu uniambie hii ni rangi gani."

Lugendo alisoma kwa kidole, neno kwa neno. Aliwaangalia wenzake, nao wakaangalia viatu vyao. Watu walikuwa wanangoja na madumu yao mikononi.

"Nyeupe," alisema.

"Sema kwa sauti, wasikie wote."

"Nyeupe."

Nyamizi alikunja fomu akairudisha mkobani, na mkono wake ukagusa kile kigae. Watu wakaanza kukinga maji. Lugendo hakuondoka. Alibaki amesimama, akahamishia kirungu mkono wa kushoto, halafu akasogea karibu na kuzungumza chini chini.

"Dada yangu, nina watoto watatu nyumbani. Wanaharisha tangu juzi. Nisaidie walau dumu moja, nina haraka."

Nyamizi alikitoa kigae, akakiweka kwenye kiganja cha yule mgambo.

"Huu mtungi ulikuwa wa mama yangu," alisema.

Lugendo alikitambua. Alisema yeye aliagizwa tu. Nyamizi alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akainua mkono na kumwonyesha mlolongo, unaoanzia bombani, unapita mlangoni kwa Bi Kalunde, unakata kona ya msikiti na kupotea huko.

"Mwisho uko kule," alisema.

Lugendo akaenda. Alipita watu mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyempisha, mpaka alipompata wa mwisho, akasimama nyuma yake na dumu la kuazima. Kwa mazoea, kila baada ya muda mfupi aligeuka kuangalia kama lori limefika.